Heko, Jibu la Nyuma ya Kitabu

Walimu wamesifiwa vya kutosha. Leo ni zamu ya jibu la nyuma ya kitabu, lile linaloishi kurasa za mwisho kwa maandishi ya kukodolea macho, ambalo kila mwanafunzi wa fizikia na kalkulasi amelikimbilia usiku wa prepo bila hata kusema asante.

Ukimwuliza mwalimu, atataka kujua ulikuwa wapi alipofundisha. Ukimwuliza kipanga wa darasa, atakusaidia, ila kesho bweni zima litajua. Jibu la nyuma husema "sekunde 5", likanyamaza.

Jiwe linarushwa juu kwa mita 20 kwa sekunde kutoka kileleni mwa mnara wa mita 25. Litafika chini baada ya muda gani? Kijana anasahau kwamba ardhi iko chini ya mkono uliorusha, anaandika 25 bila alama ya kutoa, na mlinganyo unamletea kipeuo cha pili cha hasi 4. Jiwe ameliagiza lifike mita 25 juu ya mnara, nalo pumzi yake inakatikia mita 20. Mwalimu angeiona ile alama iliyopotea mara moja, na hotuba ingeanza. Jibu la nyuma halina makuu. Kijana anatazama daftari, anatazama 5, anatazama daftari tena, kisha kwa utulivu wa hakimu anaandika: "Kwa hiyo t = sekunde 5." Jiwe limetua. Kati ya mstari wa nne na wa tano pametokea muujiza, na sijaona sheria ya shule inayokataza miujiza. (Aliyetumia 9.8 badala ya 10 amepata 5.1. Huyo halali.)

Tena linafundisha unyenyekevu, hata kwa asiyeuhitaji. Tafuta integrali ya sini x mara kosini x. Mmoja atapata nusu ya sini mraba, mwenzake hasi nusu ya kosini mraba, na wote wamepata, kwa sababu majibu yao yanapishana kwa nusu tu, na nusu hiyo inamezwa na ile C ya mwisho. Lakini kitabu kimechapa moja. Basi huyo wa pili anaifuta kazi safi kabisa mpaka karatasi inatoboka.

Na lina ukoo. Mwaka 1676 Newton alimwandikia Leibniz barua, akauficha msingi wa kalkulasi yake ndani ya rundo la herufi zilizovurugwa makusudi. Alitaka ijulikane kwamba jibu analo. Njia ajitafutie mwenyewe.

Wapo wanaonung'unika kwamba kitabu cha kalkulasi cha James Stewart kinatoa majibu ya maswali ya namba witiri tu. Wamwonee huruma mhadhiri, naye apate shufwa za kuwapa.

Lakini utukufu wake kamili huonekana siku mpiga chapa anapokosea. Darasa zima linalifikia jibu lile lile la uongo, kila mmoja kwa njia yake na muujiza wake. Mwalimu anakokotoa ubaoni, lake linakuja tofauti, anarudia, linakuja tofauti tena, na vijana arobaini wanamtazama kwa huruma.