Ubaoni Pointi, Stoo Kaunta Buku

Februari 2001, watu 17 wa fani ya programu za kompyuta walikutana Snowbird, kwenye milima ya Utah, Marekani. Walikuwa wamechoshwa na miradi inayozaa makabrasha mengi kuliko mifumo. Waliondoka na tamko fupi la kutosha ukurasa mmoja: watu kwanza, taratibu baadaye, programu inayofanya kazi kuliko nyaraka nene, kushirikiana na mteja kuliko kubishania mkataba, kufuata mabadiliko kuliko kung'ang'ania mpango. Mbinu hiyo ndiyo Ajaili.

Katika kampuni moja ya Dar es Salaam, ambayo jina lake tumelihifadhi, makaratasi yamerudi. Safari hii ni madogo, ya njano na ya waridi, yana gundi mgongoni, na yamejaa kwenye ubao wenye safu 3: Ya Kufanya, Inafanyika, Imekamilika. Kila kikaratasi ni kazi moja. Timu inatengeneza mfumo wa kuhesabu mali kwenye stoo za wateja, na kila baada ya wiki 2 inatakiwa kuonyesha kipande kinachofanya kazi.

Feni ya darini haikushirikishwa. Jioni moja ya joto mtu aliifungulia mpaka mwisho, vikaratasi vikapukutika vyote. Asubuhi dada wa usafi akaviokota kwa nia njema, akavibandika pale alipoona pana nafasi, yaani Imekamilika. (Safu hiyo huwa haina msongamano.) Msimamizi wa mradi akafika, akaupiga ubao picha kama kawaida yake, akaituma kwa wakuu. Chai haijamiminwa, kundi la WhatsApp la ofisi limeshajaa "Hongereni sana, timu!" Mkurugenzi akaona muda umefika wa kumleta mtathmini kutoka nje, ili Ajaili ithibitishwe rasmi kwamba inafanya kazi.

Akaja mama mmoja mpole, miwani imening'inia shingoni kwa uzi.

Alianzia kwenye kikao cha kila siku. Mwongozo wa Skramu, tawi la Ajaili linalotumika zaidi, unakipa kikao hicho dakika 15 ili wanaotengeneza mfumo wapange siku yao. Desturi ya kusimama ilianza ili miguu imkumbushe msemaji kufupisha. Mkurugenzi akaingia. "Shikamoo mzee" zikazunguka chumba kizima, "marahaba" zikarudi moja moja, kiti kikaletwa, na mzee akishaketi nani atathubutu kumkatiza? Alisimulia semina ya Arusha mpaka waliosimama wakaanza kubadilishana ukuta wa kuegemea. Kisha kila mmoja akatoa taarifa: jana niliendelea, leo naendelea, kikwazo sina. Seva ilikuwa imezimika tangu juzi yake.

Baadaye mama akaonyeshwa chati ya pointi. Timu hukadiria uzito wa kila kazi kwa pointi, na mkurugenzi alikuwa ameagiza pointi ziongezeke kila awamu ya wiki 2. Zikaongezeka kweli! Kazi ya kubadilisha rangi ya kitufe, iliyokuwa na pointi 2, sasa ina 8. Muuzaji wa Kariakoo naye huanza na bei ya juu, ila yeye anajua kwamba mteja anajua. Mchumi Mwingereza Charles Goodhart alikwisha kulionya jambo hili mwaka 1975: kipimo kikishageuzwa fimbo ya kuwaswagia watu, hakipimi tena. Na Ron Jeffries, mmoja wa wale 17, aliandika mwaka 2019 kwamba huenda ndiye aliyebuni pointi hizi, na kama ni yeye, anajuta.

Mama hakuandika neno.

Wakati wa chakula aliwasimulia kuhusu FBI. Shirika hilo liliutupa mfumo wake wa majalada ya upelelezi mwaka 2005, baada ya kutumia takriban dola milioni 170. Uliofuata, Sentinel, nao ulikwama mikononi mwa mkandarasi, mpaka mwaka 2010 FBI ilipouchukua yenyewe, ikapunguza timu na kuanza Skramu, na kila wiki 2 kuonyesha kilichofanyika. Julai 2012 wapelelezi walikuwa wakiutumia. Msimamizi akatabasamu. Ndipo mama akaongeza habari ya Uingereza: mradi wa malipo ya ustawi, Universal Credit, ulianza kwa Ajaili, na Septemba 2013 wakaguzi wa serikali wakaripoti kwamba kazi ya kompyuta ya pauni milioni 34 ilikuwa imefutwa vitabuni, huku walio ndani wakipenda kupeana habari njema tu. Tabasamu likapungua.

"Mara ya mwisho kuongea na mtu anayetumia mfumo wenu ni lini?" aliuliza. Mwongozo wa washauri wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani wa mwaka 2018, wa kuibaini Ajaili ya uongo, nao unalikazia hilo hilo. Mezani watu wakaanza kuusifia wali.

Alasiri akamchukua kijana mmoja wa timu mpaka stoo ya mteja, Temeke.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Kumbe ninyi ndio wenye simu hii?"

Simu aliyopewa mzee wa stoo kwa ajili ya mfumo ilikuwa chini ya kaunta buku, nayo kaunta buku ilikuwa imejaa hesabu za tangu mfumo uzinduliwe. Mzee hakuwa na chuki na teknolojia. Maandishi yalikuwa madogo, na kitufe cha kuhifadhi kilijificha nyuma ya kibodi kila alipoandika idadi, kwa hiyo kila alichoingiza kilipotea. "Nilipiga simu ofisini," alisema. "Wakaniambia tatizo limewekwa ubaoni."

Kijana alilirekebisha jioni ile ile, na kesho yake mzee akaingiza magunia yake yote kwenye simu. Kwa kuwa kazi hiyo haikukadiriwa, haikuwa na pointi hata moja. Chati ya awamu ikashuka, na Jumatatu msimamizi akaandikiwa barua ya kutakiwa kujieleza.