Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Waziri: Naomba Kitabu cha Kamba za Msituni

Kwako Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya misitu,
Dodoma.



YAH: OMBI LA KITABU KIDOGO CHA MIMEA INAYOPANDA NA KUKAA JUU YA MITI

Awali ya yote naomba radhi kwa kukuchukulia muda wako. Najua mezani kwako wamejaa tembo, watalii, magogo na hewa ukaa, na mimi huyu nimekuja na kamba za porini. Msaidizi wako akicheka, tafadhali usimkaripie.

Mheshimiwa, tunakukaribisha Amani, huku kwetu Muheza, kwenye hifadhi ya mazingira asilia iliyotangazwa mwaka 1997. Viongozi wanaotutembelea hupanda mti, wakapigwa picha, wakaondoka, nasi tunashukuru sana. Ila wewe ukishapigwa picha, nakuomba kwa unyenyekevu uinue macho. Kwenye tawi moja tu la mti mkubwa utaliona kangaga lenye majani marefu yaliyojipanga duara. Linadaka majani makavu yanayodondoka, yanaozea humo humo, nalo linakula mbolea yake lenyewe. Pembeni yake kuna okidi. Chini yake pengine zinaning'inia nyuzi za kijani zisizo na jani hata moja. Hizo, Mheshimiwa, ni jamii ya dungusi kakati. Ukoo huo wote asili yake ni Amerika, isipokuwa huyu mmoja, Rhipsalis baccifera, anayeota mwenyewe pia Afrika, Madagaska na Sri Lanka. Anaishi juu ya vichwa vyetu, na wengi wetu tunampita.

Hawa ni wapangaji waungwana: wanakaa juu ya mti bila kuunyonya, maji yao ni ya mvua na ukungu. Lakini kwa kukosa wa kututofautishia, tunawaita wote vimelea, na kimelea, kama ujuavyo, hana mtetezi.

Kwa ruhusa yako niguse na wanaopanda kutoka chini. Mtoria, wenye utomvu mweupe, ndio uliotoa mpira uliouzwa nje kutoka pwani yetu karne ya 19. Upupu hauhitaji utambulisho kwa aliyewahi kuugusa. Mtipitipi una mbegu nyekundu zenye doa jeusi. Watoto huzitunga shanga, na zina sumu kali. Viazi mwitu navyo, vipo vya kuliwa na vipo vya kuua asiyejua kuviandaa.

Utaniuliza, kwani hakuna vitabu? Vipo, Mheshimiwa, tena vikubwa. Kazi ya kuorodhesha mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania ilianza kuchapishwa mwaka 1952 ikakamilika 2012, zaidi ya spishi 12,000. Ni kazi ya kuvuliwa kofia. Imeandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu, na mara nyingi inakutaka uwe na ua mkononi. Ua lenyewe liko juu, mita 30. Askari wa msitu aliye chini anaona kamba yenye unene wa paja na majani mawili matatu yaliyoanguka. Ile mimea iliyokaushwa na kuhifadhiwa Amani tangu enzi za Wajerumani nayo ilihamishiwa Nairobi mwaka 1950, na nauli ya askari haifiki huko.

Ninachoomba ni kitabu cha Kiswahili kinachoingia mfukoni, cha karatasi isiyoogopa mvua, kinachoanzia pale mkono unapofika: gome likoje, utomvu una rangi gani, kamba inajisokota kulia au kushoto, inajishika kwa ndoano au kwa mizizi, majani yamekaa mawili mawili au yamepishana. Kwa wale wa juu, picha zilizopigwa kutoka chini, kama jicho linavyowaona. Na majina ya Kisambaa yatangulie, kwa sababu wenye kuijua mimea hii ni wazee wa hapa. Walipwe kwa kazi hiyo kama mtaalamu yeyote anavyolipwa.

Gharama sithubutu kuitaja mbele yako. Nasikia serikalini semina hazikosekani. Moja ikiahirishwa, pamoja na posho zake, nadhani tungepata pa kuanzia.

Nalisema hili kwa heshima zote: wapimaji wa misitu hupima kipenyo cha mti usawa wa kifua, wakaandika. Mti huo ukianguka, hesabu inapungua kwa mti mmoja. Makangaga, okidi na kamba zote zilizokuwa juu yake hazimo kwenye daftari lolote, kwa hiyo serikali yako tukufu haijapoteza kitu.

Wazee wanaozijua kamba hizi kwa majina hawaongezeki, Mheshimiwa. Ukiridhia, waulizwe mwaka huu wa fedha, usisubiriwe ujao.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Amani, Muheza