Waraka kwa Chepilat: Juu ya Paka Asiyeshika Panya na Wimbo Usioanza

Maswali mawili hufika Berlin kutoka Chepilat kila Jumapili jioni, na kwa kuwa simu hukatika kabla jibu halijafika nusu, imeonekana inafaa yajibiwe kwa maandishi, kwa utaratibu unaostahili mambo mazito. Swali la kwanza linahusu paka anayeishi na mhamiaji aliyetoka hapo kituoni, kwenye barabara ya Kisii kwenda Sotik, mahali ambapo Kaunti ya Bomet inapakana na ya Nyamira: je, paka huyo anashika panya? Swali la pili linahusu sauti inayosikika nyuma ya mhamiaji huyo kila anapopiga simu, ambayo yeye huiita muziki: je, wimbo wenyewe utaanza saa ngapi?

Paka na atangulie, maana hata nyumbani humo hutangulia. Katika boma la Chepilat paka ni mfanyakazi. Huwekwa kwa sababu ya ghala la mahindi, ujira wake ni maziwa machache yanayosalia baada ya yale ya mursik kutengwa (na kwa faida ya msomaji wa mbali, mursik ni maziwa yaliyogandishwa katika kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa), hulala jikoni karibu na jivu, na akionekana sebuleni wageni wakiwapo, hutolewa kwa kandambili. Ughaibuni paka ni mpangaji asiyelipa kodi, kwa maana zote mbili za neno hilo: hachangii pango la chumba, na serikali za miji ya Ujerumani, ambazo kwa kawaida hutoza kodi ya mbwa, hazimdai paka hata senti. Hula chakula cha mkebe chenye picha ya paka mwingine aliyenona kumshinda, na haja zake huzikidhi katika beseni lililojazwa mchanga maalumu, ambao huuzwa dukani kwa mfuko na kubebwa begani hadi ghorofa ya tano. Ndugu waliowahi kulipia lori la mchanga wa mto kwa ajili ya msingi wa nyumba wanaombwa wasipige hesabu ya jambo hili, kwani halina tija kwa afya ya mtu yeyote.

Zaidi ya hayo, paka huyo ana pasipoti. Huu si mzaha wala lugha ya picha: Umoja wa Ulaya una kijitabu rasmi cha mnyama wa kufugwa anayesafiri, ambacho hutolewa na daktari wa mifugo, na ndani yake huandikwa chanjo ya kichaa cha mbwa pamoja na namba ya tarakimu 15 iliyohifadhiwa katika kidude chenye ukubwa wa karibu punje ya mchele, kinachopachikwa chini ya ngozi ya shingo. Paka alipewa chake kwa ziara moja, huku akimng'ata daktari. Mhamiaji, ambaye hajamng'ata mtumishi yeyote wa umma, alikuwa wakati huo anangoja kwa mwezi wa tano miadi ya kuhuisha kibali chake cha kukaa, katika ofisi ambayo haitatajwa kwa sababu bado anaihitaji. Ilifika hatua katika nyumba hiyo ambapo mwenye karatasi zilizokamilika alikuwa mmoja tu, naye alikuwa amelala juu ya kabati.

Sasa muziki. Muziki wa majaribio, kwa maelezo mafupi, ni ule ambao mtungaji huweka masharti ya sauti bila kujua zitatokeaje, au hutumia kama malighafi sauti ambazo wengine huziita kelele, kama vile upepo, mashine, redio isiyoshika kituo, na ukimya. Mfano unaotajwa zaidi ni utunzi wa Mmarekani John Cage uliowasilishwa mara ya kwanza tarehe 29 Agosti 1952 huko Woodstock, katika jimbo la New York, ambapo mpiga piano David Tudor aliketi mbele ya kinanda kwa dakika 4 na sekunde 33 bila kupiga noti hata moja, akifunga na kufungua kifuniko ili kuonyesha mwanzo na mwisho wa kila sehemu kati ya tatu. Watu walikasirika, kama ambavyo wangekasirika Chepilat iwapo kwaya iliyochangiwa nauli ingepanda jukwaani na kusimama kimya. Hata hivyo Cage alishikilia kwamba ukimya haukuwepo: katika sehemu ya kwanza ulisikika upepo nje, katika ya pili matone ya mvua juu ya paa, na katika ya tatu minong'ono na nyayo za watu wakitoka. Habari ya mvua juu ya paa ikumbukwe, maana waraka huu utairudia.

Ni vyema pia kukanusha dhana, inayopendwa sana na wajomba, kwamba mambo haya ni ya Wazungu waliokosa kazi. Mmisri Halim El-Dabh alichukua kinasa sauti cha waya mjini Cairo mwaka 1944, akarekodi sherehe ya zaar, ambayo ni ngoma ya kutuliza pepo, kisha akazigeuza sauti hizo studioni hadi zikawa kitu kipya. Mfaransa Pierre Schaeffer, anayesifiwa kwa kutunga muziki wa sauti za treni zilizorekodiwa, alifanya hivyo mwaka 1948. Na siku hizi miongoni mwa wasanii wanaosikilizwa sana Berlin katika uwanja huu yumo Joseph Kamaru wa Nairobi, ajulikanaye kwa jina la KMRU, mjukuu wa yule Joseph Kamaru ambaye nyimbo zake za Kikuyu wazee wa Chepilat walizisikia kwenye matatu wapende wasipende. Babu alijaza mitaa kwa gitaa na maneno. Mjukuu, katika albamu yake *Peel* ya mwaka 2020, hutandaza mvumo, yaani sauti moja ndefu inayobadilika polepole kama ukungu unavyopanda kutoka kwenye majani chai asubuhi. Ni mvumo huo unaosikika kwenye simu. Si hitilafu ya mtandao, na mama anaombwa aache kukata na kupiga upya.

Kuhusu wimbo usioanza, ndugu watapata faraja kujua kwamba tatizo lao lina mfano wa kihistoria. Katika mji wa Halberstadt, safari ya treni kusini-magharibi mwa Berlin, limo kanisa la kale la Mtakatifu Burchard, ambalo kwa nyakati mbalimbali lilitumika kama ghala na hata zizi la nguruwe, na ambamo unapigwa utunzi mwingine wa Cage, uliotungwa kwa ajili ya kinanda cha mabomba na wenye agizo la kupigwa polepole kadiri inavyowezekana. Wajerumani, ambao agizo wakilipokea hulitekeleza, walihesabu kwamba kinanda mashuhuri cha mji huo kilijengwa mwaka 1361, wakatoa mwaka huo katika 2000, wakapata 639, na kuamua kwamba wimbo utachukua miaka 639. Ulianza tarehe 5 Septemba 2001, ila kwa kuwa utunzi huo unaanza na pumziko, kilichosikika kwa miezi 17 ya kwanza ni mivukuto tu, yaani vile vifuko vinavyosukuma hewa, na sauti ya kwanza ya kinanda ilitoka tarehe 5 Februari 2003. Vibonyezo hushikiliwa na vifuko vya mchanga, maana hakuna kidole chenye subira hiyo. Sauti hubadilika baada ya miezi au miaka, na siku ya mabadiliko watu husafiri kutoka mbali, wakasimama, wakasikia sauti moja ikiongezwa au kuondolewa, wakapiga makofi, wakarudi makwao, kama walivyofanya tarehe 5 Februari 2024. Wimbo utakwisha mwaka 2640. Mtu aliyewahi kuketi juani akingoja mgeni rasmi wa harambee awasili, na baada ya kuwasili akamsikiliza akiwatambua viongozi wote waliohudhuria mmoja baada ya mwingine, hana haki ya kuwacheka watu wa Halberstadt. Wao angalau tarehe ya mwisho wanaijua.

Paka ana maoni yake juu ya haya yote, na sikio lake lina sifa kuliko la wahakiki wengi. Masafa ya sauti hupimwa kwa hezi, ambayo ni idadi ya mitetemo katika sekunde moja. Binadamu mwenye masikio mazima hufika hezi 20,000 hivi, ilhali paka hupita 60,000, hivyo katika albamu fulani huenda yeye anasikia sauti ambayo mtungaji mwenyewe hakujua ameiweka. Watafiti wa Marekani walichapisha mwaka 2015 matokeo ya jaribio ambalo paka walichezewa muziki uliotungwa mahususi kwao na mpiga selo David Teie, ukiiga mkoromo wa paka aliyeridhika na mwendo wa kunyonya, nao wakausogelea na kujisugua kwenye spika kuliko walivyofanya kwa muziki wa binadamu. Paka wa mhamiaji hakuhitaji utafiti. Akiwekewa kundi la Duma la Nairobi, ambalo muziki wake ni mchanganyiko wa mayowe na ngoma za mashine zinazokimbia kama matatu isiyo na breki, huingia chini ya sinki na kubaki humo hadi jioni. Akiwekewa *Peel*, hupanda juu ya amplifaya, akajikunja, akafumba macho. Kwa miezi mingi mhamiaji aliwaeleza wageni kwamba paka ana uelewa wa ndani wa mvumo, mpaka siku moja umeme ulipozimwa kwa matengenezo na paka akashuka kutoka kwenye amplifaya iliyopoa kwa dharau ya wazi. Kilichokuwa kikimvuta ni joto.

Vilevile ni mtungaji, kwa bahati mbaya. Usiku mmoja, saa tisa, alitembea juu ya sinthesaiza iliyoachwa bila kuzimwa, akaketi kwenye noti tatu za chini, na kutoa kazi ya dakika 11, katika nyumba ambayo kanuni zake zinadai utulivu kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na Jumapili mchana kutwa. (Makanisa ya Chepilat, yenye spika zinazoelekezwa barabarani kabla jogoo hajawika, yasingedumu hapa wiki mbili.) Jirani wa ghorofa ya nne aligonga dari kwa ufagio, na yaelekea alikuwa na mdundo mzuri. Rekodi ya kazi hiyo ilitumwa nyumbani bila kutajwa mtunzi, na mjomba mmoja akajibu kwamba hiyo afadhali, kwa sababu inakwisha.

Lipo lalamiko dogo kuhusu jina. Paka huyo ni dume, naye anaitwa Chemirocha, na wazee wamehoji kwa nini dume apewe jina lenye Che-, ambacho kwa Kikalenjin ni kiambishi cha Chebet na Cherono, yaani kwa kawaida cha wasichana. Jibu liko Kapkatet, si mbali na Sotik. Huko, mwaka 1950, Mwingereza Hugh Tracey aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kurekodi aliwakuta wasichana wa Kikipsigis wakimwimbia kiumbe aitwaye Chemirocha, nusu mtu na nusu swala, kwa kusindikizwa na chepkong, kinubi cha wenyeji. Kiumbe huyo alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Kimarekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye sahani zake za gramafoni zilikuwa zimefika katika vilima vya chai na jina lake likanyooshwa likakaa vizuri mdomoni. Rodgers alikuwa mwanamume, na hakuna aliyelalamika. Sauti ngeni ikafika, haikueleweka, ikapewa jina la nyumbani na miguu ya swala, ikaimbwa. Rekodi hiyo ilihifadhiwa Afrika Kusini katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha Tracey mwaka 1954, na zaidi ya miaka 60 baada ya kurekodiwa ikarudishwa Kapkatet. Wanaosema kwamba muziki wa ajabu haukubaliki kwetu wamesahau kwamba majaribio makubwa ya masikio yalifanyika umbali wa nauli moja ya matatu kutoka walipokaa.

Na hapa mvua inarudi. Mvua ya mawe ya ukanda wa Kericho, ambayo huichana chai na kumtia mkulima hasara, ikipiga mabati ya nyumba isiyo na dari hutoa kelele nene kiasi kwamba watu humo ndani huacha mazungumzo katikati na kutazamana mpaka ipite. Mhamiaji amelipa euro nyingi, katika vyumba vya chini vya Berlin, ili kusikia kitu kinachokaribia hicho, na bado hakijafikiwa.

Kwa hiyo linatolewa ombi. Mvua ya mawe ikianza, mmoja wa vijana aweke simu juu ya meza katika nyumba ya zamani, ile ya mabati yenye kutu, abonyeze kitufe cha kurekodi, kisha watu wote wanyamaze mpaka ikatike, bila salamu, bila maombi, na bila mtu kumuuliza mwenzake kama mashine inarekodi. Faili itumwe nzima hata ikiwa kubwa. Pesa za bando zitatumwa kwa M-Pesa mapema. Kuhusu lile swali la kwanza, Chemirocha ana miaka minne sasa na hajashika panya hata mmoja, ingawa mwezi uliopita alimwona mmoja kwenye televisheni, akaondoka chumbani.