Dashibodi ya Zambarau
Mwaka 2005 kampuni ya Ford ilimwezesha mnunuzi wa Mustang kuchanganya nyekundu, kijani na bluu hadi apate zaidi ya rangi 100 za mwanga wa dashibodi, yaani ule ubao ulio mbele ya dereva unaoonyesha mwendo, mafuta na joto la injini. Mwenye gari la mtumba kutoka Japani hakuhitaji fadhila hiyo, kwani fundi umeme hufungua dashibodi, huchomoa vijitaa vya asili na kupachika LED, ambazo ni taa ndogo zisizo na waya wa kuwaka ndani, na mteja huondoka na mwendo wa zambarau na mafuta ya waridi, ingawa mshale wa mafuta yenyewe umelala palepale kwenye E. Inabaki ile taa ya njano yenye umbo la injini, ambayo kazi yake ni kumwarifu dereva kuwa mfumo wa injini una hitilafu. Kwa kuwa haipatani na zambarau, hufunikwa kwa kipande cha selotepu nyeusi, na kuanzia hapo gari huhesabiwa kuwa zima.