Friza Ina Wenyewe

Ukitaka kujua cheo chako nyumbani kwako, omba nafasi kwenye friza. Mimi niliomba pembe moja tu, ya kuweka negativu za marehemu baba, mpiga picha wa studio hapa Tanga. Nikaulizwa kama zinaliwa.

Hali ya negativu hizo ni mbaya. Filamu zile za asetati, kwa joto na unyevu wetu wa pwani, huanza kutoa asidi ya siki, na asidi hiyo nayo huzidi kuchochea uozo, mpaka filamu inywee na kujikunja. Kabati langu zima linanuka kachumbari. Dawa ya kuzirudisha hakuna. Baridi kali huchelewesha tu. Wenzetu Marekani waliuhamishia mkusanyo wa Bettmann, mamilioni ya picha, kwenye mgodi wa zamani wa mawe ya chokaa huko Pennsylvania, nyuzi 20 chini ya sifuri. Nina hakika mgodini humo hakuna anayegandisha barafu za ukwaju.

Kwangu yupo. Mimi natia kila bahasha kwenye mfuko wa zipu, nakamua hewa, natia na mfuko wa pili juu yake, maana unyevu nao ni adui kama joto. Halafu kifuniko kinafunguliwa kila mtoto wa jirani akibisha hodi na sarafu yake.

Umeme ukikatika ndiyo balaa. Friza iliyojaa, ikiachwa imefungwa, hushika baridi karibu siku mbili. Nani aiache? Mke wangu, Mama Zuhura, anakagua nyama, shemeji anakagua pweza wake, mtoto anabonyeza barafu. Wanafungua wajue kama baridi imetoka, nayo inatoka.

Juzi shangazi kaja kutoka Pangani, anataka picha ya harusi yake isafishwe upya. Nikatoa mfuko, nikamwambia hatuufungui mpaka kesho, utoke ubaridi kwanza, la sivyo filamu itapata umande.

"Kwani ni kuku, mwanangu?"

"Hapana shangazi, ni wewe."

Akasonya. Ikabidi alale, na mgeni halazwi njaa. Pweza akatolewa, akatumbukizwa chunguni vivyo hivyo na barafu yake, hakuna aliyemwambia asubiri kesho. Shemeji hanisemeshi mpaka leo. Nafasi ya pweza nimeshaijaza bahasha.