Namna ya Kwenda Dar Kukimbia Kilomita 21 Ukarudi Umenenepa

Kwanza jitangaze. Mtu wa mkoani hakimbii nusu marathoni Dar es Salaam kimyakimya. Nauli ya kutoka Mbeya, ada ya usajili na pesa ya raba haviwezi kupotea hivihivi bila mashahidi. Siku unapolipa ada kwa simu, weka ujumbe wa malipo kwenye status, kisha utume kwenye kundi la ukoo. Hapo ndipo utakapokuwa umeharibu kila kitu, kwa sababu Shangazi wa Kigamboni naye yumo kundini. Kabla chai yako haijapoa, sauti yake imeshaingia: "Mwanangu, nisisikie umefikia gesti wakati mimi nipo."

Basi yamekwisha. Ukiogopa zile mita 21,097 na nusu utakuwa hujui cha kuogopa.

Mazoezi hayana mambo mengi. Wataalamu hushauri maandalizi ya wiki kumi hadi kumi na mbili. Pakua ratiba yao kwenye intaneti, ibandike ukutani, uiache hapo wiki nane. Wiki ya tisa panda mlima Loleza mara moja, shuka umeshika magoti, na uhesabu kwamba mwili umeelewa. Ofisini waeleze wenzako kwamba Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mtu aliyezoea hewa nyepesi ya huku akiteremka pwani anapaa. Ni kweli, lakini nusu tu. Dar oksijeni ipo ya kutosha na unyevu nao upo wa kutosha, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Wewe umezoea jasho la Mbeya, linalokauka kabla hujatafuta leso. La Dar utakaa nalo mpaka Jumatatu. Hilo usimwambie mtu.

Kuhusu raba, wapo watakaokushauri uende na zile ulizofanyia mazoezi. Hao wanakuonea wivu. Ukifika mjini, Jumamosi pita Karume kwenye mitumba, uchague jozi ambayo muuzaji ameisugua soli kwa mswaki mpaka imeng'aa kuliko ilivyotoka kiwandani. Taja bei yako, aghadhibike, ondoka, akuite, lipa. Jumapili ingia nazo barabarani. Lengelenge la kwanza litatokea kilomita ya sita, na ukifika ya kumi na mbili utakuwa unamfahamu vizuri mwenye raba wa kwanza: upana wa kidole gumba chake, na upande aliokuwa akiuelemea alipokuwa akitembea huko kwao.

Sasa safari. Mkimbiaji wa kwenye matangazo ya biashara husafiri na kibegi kimoja mgongoni. Yeye haendi kwa Shangazi. Wewe mama amekwisha kukufungia mchele wa Kyela kwenye kiroba, mkungu wa ndizi wa Tukuyu na boksi la maparachichi lililotobolewa matundu ya kupumulia. Usibishane naye. Mama hajui marathoni ni nini, lakini anajua kwamba mtu haingii kwa wifi yake mikono mitupu. Huo mzigo uchukulie kuwa ni mazoezi ya mabega, ambayo ratiba ya ukutani iliyasahau.

Vitabu vya mbio vinasisitiza pia kunywa maji kwa wingi siku mbili kabla. Walioviandika hawajapanda basi la Mbeya kwenda Dar. Ni zaidi ya kilomita 800, na gari husimama abiria wachimbe dawa pale dereva anapoona yeye inafaa. Ukiwa na kiu ivumilie walau mpaka mvuke Mikumi. Barabara inakatiza hifadhi kwa kilomita 50 hivi, na humo hakuna cha kuomba kushuka kichakani, isipokuwa kama unataka kuijua kasi yako ya kweli mbele ya simba.

Utashuka Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, usiku umeingia, miguu imevimba, na vijana watano wanagombania kiroba chako. Mpigie Shangazi. Atakuambia, "Ni hapa tu, mwanangu, panda mwendokasi mpaka Kivukoni, vuka pantoni, ukishuka chukua bodaboda, umefika." Mkazi wa Dar hana mahali anapopaita mbali. Ana foleni tu. Daraja la Nyerere la kwenda Kigamboni lipo tangu 2016, lakini Shangazi analiona ni la wenye magari na hatakutajia.

Jumamosi kachukue vifaa: fulana, namba ya kifuani yenye chipu, na pini nne za kuibania. Kuchukua vifaa ni kazi ya dakika tano. Kwenda na kurudi ni kazi ya kutwa. Wataalamu wanasema siku ya mwisho mtu apumzishe miguu, nawe utaipumzisha umesimama kwenye daladala.

Rudi nyumbani kabla ya magharibi, maana hapo ndipo mbio zenyewe zinapoanza.

Shangazi hajakaa kitako tangu asubuhi. Kuna pilau la nyama lenye mafuta yanayong'aa, kachumbari yenye pilipili, samaki wa kukaanga, maharage ya nazi, na jagi la juisi ya ukwaju lenye barafu. Atakutazama kuanzia kichwani hadi kwenye zile raba za Karume.

"Mbona umekonda hivi, baba? Huko kwenu hamli?"

"Nafanya mazoezi, Shangazi. Kesho nakimbia."

"Unamkimbia nani?"

"Ni mashindano, Shangazi."

"Wanakulipa shilingi ngapi?"

Hapa mwongozo unakutaka uwe makini sana. Usiseme kwamba umelipa wewe. Ikikutoka kwa bahati mbaya, kimbilia kwenye sadaka: mwambie mbio nyingi za siku hizi ni za kuchangia, na kwamba zile za benki ya CRDB, zinazokimbiwa hapo Dar kila Agosti, zimechangia matibabu ya watoto wenye magonjwa ya moyo pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, JKCI. Shangazi ni mtu wa huruma. Atanyamaza, ataweka mkono kifuani, atawaombea watoto wa watu. Kisha atauliza, "Sasa si ungewatumia tu kwa simu, ukabaki zako kwenu umepumzika?" Swali hilo halijapata jibu tangu mbio za hisani zianze, wala usijidanganye kwamba utalijibu wewe na kijiko cha pilau mkononi.

Kula. Kukataa sahani ya pili kwa Shangazi ni kesi itakayosikilizwa Mbeya, mbele ya baba yako. Eti mkimbiaji anashauriwa kula wanga kwa kiasi, apunguze mafuta, akwepe pilipili, maharage na chochote kinacholainisha tumbo. Ukiiangalia meza vizuri utagundua kwamba Shangazi ameisoma orodha hiyo yote na kuipika. Ukwaju ndio mwerevu kuliko wote. Utakunywa bilauri tatu kwa sababu ya joto, nao utakaa kimya usiku mzima, wala hautasema neno mpaka kilomita ya kumi na tano.

Kitanda chako ni kochi la sebuleni, chini ya feni inayolalamika. Saa nne usiku binamu zako watakaa miguuni pako kubishana kuhusu Simba na Yanga, nawe kama mgeni utaombwa uamue. Saa tano jirani ataanza shughuli. Shughuli ya Dar haina mwaliko wala ukuta. Spika zikishageuzwa kuelekea barabarani, mtaa mzima umealikwa. Singeli mara nyingi hupita mapigo 200 kwa dakika, na mwili wako uliopangiwa kulala saa tatu utalala kochini ukikimbia bila kwenda mahali. Ikifika saa nane watazima. Saa tisa na nusu kengele ya simu yako italia, na nyumba nzima itaamka kukutakia heri. Shangazi atakuwa ameshachemsha uji na kukanda chapati.

Paka mafuta ya mgando mapajani, kwapani na kwenye chuchu. Huu ni ushauri wa kweli, mmoja wa michache humu. Fulana ya mbio ikilowa jasho la Dar kwa saa mbili na nusu, chuchu hutoka damu, na picha zote utakazopiga zitaonyesha madoa mawili mekundu juu ya nembo ya mdhamini.

Saa kumi na nusu alfajiri uwe kwenye geti la pantoni. Utakuta watu wamesongamana gizani: walinzi wanaowahi zamu, mafundi na visanduku vyao, akina mama wa kuuza chakula na mabeseni yao. Geti likifunguliwa, umati wote unatimua mbio kuwahi nafasi. Hakuna aliyepasha misuli, hakuna mwenye chipu, wala hakuna aliyevaa raba. Wengi wako na kandambili. Mama mmoja mwenye beseni kichwani na mkono mmoja tu wa kulishikia atakupita kushoto, kandambili zikipiga pa-pa-pa kwenye sakafu ya chuma, na atakuwa ameshakaa, amejifunga kanga upya, wakati wewe bado unaomba njia. Huyo anakimbia hapo kila siku anayokwenda kazini. Msalimie kwa heshima.

Ukishuka upande wa Feri utagundua kwamba bodaboda hawezi kukufikisha Oysterbay, mbio zinakoanzia, kwa kuwa barabara ya Daraja la Tanzanite imefungwa. Imefungwa kwa ajili ya mbio zako. Itabidi uende kwa miguu, mwendo wa haraka, kilomita kadhaa zisizo na maji, medali wala mpiga picha.

Uwanjani hutachelewa. Mgeni rasmi bado hajafika. Jukwaani kuna kijana anayeongoza mazoezi ya viungo kwa muziki ule ule uliokunyima usingizi, na klabu za jogging za mjini zimeshapanga safu zao kwa fulana za rangi moja, zinaimba mchakamchaka kwa sauti za watu waliolala. Usirukeruke nao. Nenda moja kwa moja kwenye foleni ya choo, hata kama husikii haja yoyote. Amini ukwaju upo.

Kuhusu kukimbia kwenyewe sina mengi. Kilomita tano za mwanzo utakwenda kwa kasi isiyo yako, kwa sababu kuna watu na kuna kamera. Kwenye Daraja la Tanzanite, lenye urefu wa kilomita moja na ushee juu ya bahari, utasimama kupiga picha jua likichomoza. Alphonce Simbu alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kule Tokyo, Septemba 2025, alimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03, na hiyo ilikuwa baada ya kilomita 42. Wewe huna haraka hiyo. Piga na ya pili, ya kwanza ulifumba macho.

Kuanzia kilomita ya kumi na tano jua limepanda, ndugu yetu ukwaju amepata sauti, na mzee wa klabu ya jogging mwenye kitambi anakupita huku akikupa pole. Hapo kila Mtanzania hujikumbusha John Stephen Akhwari, aliyemaliza wa mwisho marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, goti limefungwa bandeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Mkumbuke kwa adabu. Akhwari alianguka akaumia akiwakilisha nchi. Wewe umeumizwa na sahani ya tatu ya pilau, na historia haina ukurasa wa jambo hilo.

Utamaliza, kwa kuwa aibu ina nguvu kuliko misuli. Utavishwa medali. Rudi nayo Kigamboni ikiwa shingoni, abiria wa pantoni waone. Shangazi ataipindua, ataigonga kwa ukucha, atauliza, "Kwa hiyo umekuwa wa kwanza?" Ukimweleza kwamba kila aliyemaliza amepewa yake, atakuvua, ataiweka kabatini kwenye vikombe vya wageni na kukuambia unyenyekevu wako umeurithi kwa marehemu babu yako. Halafu ataita watu waje kula. Kuna biriani.

Jumatatu usiku wa manane ukiwa unatafuta basi, bado hujayaona maumivu yenyewe. Misuli iliyokimbizwa hukaza zaidi siku ya pili, na ya pili yako itakukuta kwenye kiti. Gari litasimama mara ya kwanza njiani, abiria watashuka kuchimba dawa, wanawake huku, wanaume kule. Kushuka ngazi za basi utashuka kinyumenyume. Kuchuchumaa, ikilazimu, utachuchumaa. Kuinuka ni lazima umwombe kondakta.

Kama mwakani utakwenda tena, usitangaze kundini na jisajili mapema: fulana za saizi ya kati ndizo huwahi kuisha, na baada ya siku tatu kwa Shangazi, hata hiyo ya kati uiombe kubwa.