Kesi ya Mbweha na Ndege wa Mtaroni

Hapo si zamani sana, Desemba ya mvua na baridi, katika kijiji kimoja cha Uingereza, bibi mmoja alitoka asubuhi kumtembeza mbwa wake mdogo. Walipofika kwenye kona ya njia ya shamba, mbwa akagoma. Akanyoosha pua mtaroni, akanung'unika. Bibi akainama, akasogeza majani kwa fimbo, akaona mkia mrefu wenye michirizi, kisha wa pili, kisha shingo za kijani zinazong'aa, zimelaliana kama nguo za dobi zisizo na mwenyewe. Walikuwa fesanti, ndege wa jamii ya kuku ambao dume lao huvaa kila siku kama bwana harusi. Bibi aliwahesabu: 58. Akatoa simu, akapiga picha.

Adhuhuri haijafika, picha ilikuwa imeingia kila jiko la kijiji. Jioni ikafika mjini.

Sasa, kijiji kile kina mabwana wawindaji. Siku ya kuwinda hawaitani wawindaji. Wenyewe kwa wenyewe huitana Bunduki. "Leo tuna Bunduki nane," husema, kana kwamba kinachowinda ni chuma na mtu ni mpini tu. Usiku ule Bunduki nane zilikutana sebuleni kwa Bwana Mkubwa, mwenye shamba, moto unawaka, miguu imenyooshwa. Swali la kwanza likawa: nani kapiga picha? La pili: nani atasema na magazeti? Mmoja wao alifungua kinywa ili aulize ndege walifikaje mtaroni, lakini chai ikaletwa.

Wakakubaliana mambo mawili. La kwanza, jina la uwindaji limechafuka na halina budi kusafishwa: Jumamosi aje mpiga picha wa gazeti, awakute na wajukuu, supu na tabasamu. La pili, aliyefanya ni Mbweha. Tabia yake inajulikana. Akiingia banda la kuku haachi hata mtetea. Mbwa mweusi wa Bwana Mkubwa, yule wa kuokota ndege, alikuwa amelala chini ya meza. Akasikia yote, na usiku uleule akaibeba kesi mpaka msituni.

Baraza likaketi chini ya mwaloni. Bundi alikuwa kadhi. Kunguru alikuwa karani, kwa sababu anajua hesabu na hasahau sura ya mtu. Mbwa alisimama katikati, kifua mbele.

"Kadhi," alianza, "sisi ni watu wa heshima." Mbwa akilala karibu na moto wa mabwana muda mrefu, husema 'sisi'. "Watu wa mjini hawatupendi tangu zamani. Nyama yao huzaliwa ndani ya plastiki, haina manyoya wala macho. Wakiona picha moja kama hii hawaulizi tena, wanafunga mlango. Riziki ya wafukuza ndege, ya wapishi, ya wauza viatu vya mpira, yote itakwenda na maji kwa sababu ya mhuni mmoja. Naomba Mbweha ahukumiwe kwa kuua, kwa kutupa, na kwa kuaibisha uwindaji."

"Mbweha, una neno?" akauliza Bundi.

"Ninalo, babu. Kwanza nimsalimu binamu yangu."

"Usiniite binamu mbele ya kadhi," akanguruma Mbwa.

"Haya, mheshimiwa mwendesha mashtaka. Kuku wa mwaka jana siwakatai. Niliua kumi na wawili usiku mmoja: wao hawakuwa na pa kukimbilia, na mimi sikuwa na akili ya kuacha. Lakini niliyeshindwa kumla nilimfukia, kila mmoja na shimo lake, ramani ninayo puani. Njaa ya Februari ikibisha, narudi. Kinachofukiwa ili kiliwe kesho ni akiba. Kinachofichwa ili kisionekane ni ushahidi. Naomba baraza liuone huo ushahidi."

Kunguru wawili wakaruka mpaka mtaroni, wakarudi wameburura ndege wawili, dume na jike. Ndege wale hawakuwa wameachana. Shingo zao zilikuwa zimefungwa pamoja kwa kamba ya plastiki ya rangi ya chungwa, ile ya kufungia majani ya ng'ombe, kitanzi huku na kitanzi huku, ili watundikwe kwenye msumari.

"Nioneshe mbweha anayejua kufunga fundo," akasema Mbweha, "nami nitakwenda jela huku naimba."

Kisha akaomba ruhusa, akaweka kucha kifuani mwa dume, akapapasa chini ya manyoya. Kitu kikadondoka juu ya jiwe: ti. Kingine: ti. Kikafuata cha tatu. Vilikuwa vipunje vyeusi, vidogo kuliko mbegu za mpapai. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Yalikuwa marisau.

Hapo Mwewe akashuka kutoka tawi la juu bila kuitwa.

"Kwa kuwa marisau yameonekana, nami niseme. Ukoo wangu ulifutwa England katika karne ya 19 kwa bunduki na sumu. Tuliopo leo katika milima ya Chilterns tumetokana hasa na vifaranga vilivyoletwa kutoka Hispania miaka ya 1990. Tunakula mizoga. Ndiyo kusema mimi ni mfagizi wenu, na ninayemfagilia hunilipa mshahara wenye sumu, maana marisau haya ni madini ya risasi, nayo yakiingia tumboni hayatoki na salamu. Mwaka 2020 vyama vya wawindaji vyenyewe vilitangaza kwamba ndani ya miaka mitano vitayaacha kwa hiari. Miaka mitano imekwisha. Hiari bado iko njiani."

Bundi akageuza kichwa polepole, kama bundi wanavyojua, akamtazama Mbwa.

"Wewe unasifiwa kwa mdomo laini. Inasemwa waweza kubeba yai kutoka upande mmoja wa shamba hadi mwingine lisipasuke. Njoo umnuse ndege huyu."

Mbwa akasogea. Akanusa mara moja, akarudi nyuma. Akanusa tena. Juu ya manyoya yale, chini ya harufu ya tope na uozo, kulikuwa na harufu anayoijua kuliko zote: ya mate yake mwenyewe.

Mkia ukashuka.

"Ilikuwa Jumatano," akasema kwa sauti ndogo. "Tuliangusha 300. Kila Bunduki hupewa ndege wawili wa kupeleka nyumbani. Hao ni 16, ingawa wawili bado wamo ndani ya buti la gari la bwana mmoja, wamesahauliwa. Mchuuzi alikuja na gari lake la baridi akachukua 200, akasema friji zake zimejaa na bei imeanguka, wengine labda alipwe yeye kuwachukua. Wafukuzaji wakajichukulia 26."

"Mia mbili arobaini na mbili," akasema Kunguru bila kuinua kichwa. "Wamebaki 58."

"Bwana Mkubwa akamwambia msimamizi: 'Hao wengine, washughulikie.' Msimamizi akamwambia kijana wa kazi: 'Hao wengine, washughulikie.' Kijana alikuwa amesimama tangu alfajiri, mvua imemwingia mpaka kwenye mifupa. Hakuna aliyempa ufunguo wa chumba cha baridi wala namba ya mchoma mizoga. Neno likapita mikono mitatu, na mkono wa nne ulikuwa mtaro."

"Nawe uliyajua haya ulipokuja kushtaki?"

"Nimefundishwa kuokota, Kadhi. Kuuliza sikufundishwa."

Ukimya ukatanda. Ndipo sauti ikasikika kutoka kwenye miiba. Fesanti dume, mzima, mwenye mkia uliopungua unyoya mmoja, akajitokeza huku akitazama kulia na kushoto.

"Mimi nilikuwa hewani siku ile," akasema. "Nilitotolewa na mashine, mama simjui. Kiangazi nikaachiwa msituni na wenzangu. Nchi hii huachia wenzetu zaidi ya milioni 30 kila mwaka. Kulikuwa na mtu aliyepiga mluzi, na kila alipopiga, ngano ilimwagika. Tukamwita baba. Oktoba 1 ilipofika tukasikia mluzi uleule, safari hii pamoja na bendera za magunia na fimbo zinazogonga miti, nasi tukaruka upande tuliotakiwa kuruka. Itakuwa hivyo mpaka Februari 1. Sikuja kulalamikia kufa. Wenzangu wengine wamekufa kwa magari, wengine kwa huyu hapa," akamwonesha Mbweha kwa mdomo, kwa mbali, "na huyu angalau alikuwa na njaa. Nimekuja kuuliza jambo moja: ngano yote ile ilikuwa ya nini, kama mwisho wake ni mtaro?"

Hakuna aliyejibu. Mbweha alitazama kando. Kusifiwa na fesanti si jambo analolizoea.

Bundi akajikung'uta.

"Nitasema machache. Babu wa babu yangu aliishi Buckinghamshire. Tarehe 18 Desemba 1913, katika shamba la Hall Barn, Mfalme George V na wenzake waliangusha fesanti 3,937 kwa siku moja. Wakati huo hapakuwa na simu ya kupigia picha mtaroni, wala bibi wa kumsuta mfalme. Hata hivyo, njiani kurudi, mfalme mwenyewe alimwambia mwanawe kwamba huenda siku ile walikuwa wamezidisha. Kilichomsuta ni hesabu.

"Ninyi mnasema bibi kawaaibisha. Bibi alileta kioo tu. Mficha maradhi kilio humfichua. Na mficha ndege, pua humfichua mapema zaidi. Nasikia mnataka kusafisha jina kwa supu. Supu ya ndege wangapi? Kanuni za wawindaji wa nchi hii, walizoziandika kwa mikono yao, zinasema ndege aliyeangushwa ni chakula, na kwamba kabla siku ya kuwinda haijafika, mwenye shamba awe amekwisha kupanga wataliwa na nani au watauzwa wapi. Sina sheria mpya ya kutunga. Hiyo yao inatosha, ila imetundikwa ukutani mahali ambapo watu hutundika makoti.

"Mbweha, huna hatia kwa hili. La kuku tutalizungumza siku yake. Mbwa, wewe si mwovu, una utii uliozidi kipimo. Umefundishwa kuokota alichopoteza bwana wako. Bwana wako kapoteza ndege 58. Mrudishie."

"Wote?"

"Wote. Bila kuvunja mfupa."

"Na mimi, babu," akadakia Mbweha, "gharama zangu za kesi? Naomba hawa wawili wa ushahidi, kwa kuwa marisau yao yamekwisha tolewa."

Akapewa. Mbwa akamtazama kwa jicho la kuomba msaada wa kubeba.

"Mimi nimeachiwa huru, binamu," akasema Mbweha, "sikuajiriwa." Akaondoka na wawili wake, akachimba, akafukia, akapiga pua juu ya udongo mara mbili ili akumbuke.

Jumamosi kulikucha na jua la kuazima. Mpiga picha alifika saa nne. Bunduki nane zilipangwa sebuleni, makoti ya sufu yamepigwa brashi, wajukuu wamechanwa nywele, sufuria ya supu inatoa moshi mahali ambapo mwanga ni mzuri. "Tutokeni nje kidogo," akasema mpiga picha, "tupate na shamba nyuma." Bwana Mkubwa akafungua mlango mwenyewe.

Kwenye majani mbele ya ngazi walilala fesanti, jozi 28, dume na jike, dume na jike, vichwa vyote upande mmoja, mistari imenyooka kama wanavyopangwa mwisho wa siku njema ili mabwana wapite wakitazama. Tope limekauka shingoni mwao. Macho ya wengine yalikwisha chukuliwa. Upepo ukageuka, ukaingia sebuleni kabla ya mtu yeyote.

Mwisho wa mstari aliketi Mbwa, amelowa mpaka masikioni, ulimi nje, anasubiri kusifiwa.

"Babu," akauliza mjukuu mdogo, pua kaiziba kwa vidole, "hawa ni wa nani?"

Bwana Mkubwa akageuka kumtafuta msimamizi. Msimamizi akageuka kumtafuta kijana. Kijana alikuwa amesimama kando ya lango, mikono mfukoni, na nyuma yake safari hii hapakuwa na mtaro, palikuwa na kamera.

Bwana Mkubwa akavua koti. Akaomba magunia. Akainama, akamshika dume wa kwanza miguu, akamtia guniani. Kisha jike wake. Alipofika jozi ya kumi mgongo ukaanza kumsemesha. Ya kumi na tano, akasimama, akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Mchoma mizoga hulipwaje?"

"Kwa kilo, bwana," akasema kijana.

Akahesabu kimoyomoyo: kalipia ngano, kalipia risasi, na sasa analipia moto.

"Jumatano ijayo tumepanga wangapi?"

"Mia tatu, bwana. Kama kawaida."

Akatazama mistari iliyobaki. Akamtazama mjukuu. Akamtazama Mbwa, ambaye mkia wake ulikuwa unapiga majani taratibu, pa, pa, pa.

"Na walaji?"